Roboti ndogo ya upasuaji: kwanza tuulize vifaa vyake vitaoshwaje

Mhariri,

Hapa Mbeya ukitajwa uvimbe kwenye kizazi, hakosi mtu wa kuuliza kwa nini zisiletwe roboti ndogo, mama atoke thieta bila kovu refu tumboni. Swali ni la haki. Ila wengi wanadhani roboti inapasua yenyewe. Haipasui. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye skrini, mikono kwenye mipini. Akisimama, nayo inasimama.

Udogo wenyewe una sura mbili. Roboti ya Versius kutoka Uingereza ina mikono inayojitegemea, kila mmoja na kigari chake, na vifaa vyenye unene wa milimita 5. Anovo, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021, mikono yake hupita ukeni kisha hujikunja kukigeukia kizazi, ina bega, kiwiko na kifundo. Tumboni linabaki tundu la kamera. Lakini njia hiyo inapita nyuma ya shingo ya kizazi, jirani kabisa na utumbo. Mama ambaye sehemu hiyo imegandamana kwa maambukizi ya zamani hafai, utumbo unaweza kutobolewa.

Hatari nyingine wakati wa kutoa kizazi ni mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu. Unapita chini ya mshipa mkuu wa damu wa kizazi, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye shingo yake. Mashine nyingi hazimpi daktari hisia ya kugusa, anategemea macho. Joto la kifaa cha umeme likiufikia, thietani utaonekana mzima. Mkojo unaanza kuvuja siku kadhaa baadaye.

Gharama inayosahaulika iko kwenye ncha za vifaa. Ndani ya mrija mwembamba wa kifaa mna nyaya laini zinazokunja ncha, na kwenye mashine kama da Vinci, roboti kubwa ya Marekani, chipu huhesabu matumizi: mara 10 hadi 18 kulingana na kifaa, kisha mashine inakikataa hata kama bado kinang'aa. Damu ikikauka humo, nyaya hukakamaa na mvuke wa nyuzi 134 hauui kilichojificha chini ya uchafu. Kwa hiyo kifaa hakisubiri zamu ya jioni: kilowekwe mara moja, maji yasukumwe ndani ya mrija hadi yatoke meupe, ndipo kiende kwenye mtambo wa mvuke. Hospitali isiyo na mtu wa kazi hiyo tu isinunue.

Hewa ukaa ya kujaza tumbo, kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, haitatushinda. Rungwe inatoka ardhini, ingawa inayotiwa kwenye soda si ya kiwango cha hospitali. Umeme ndio mtihani. Ukikatika, timu iwe imeshafanya mazoezi ya kuchomoa vifaa na kuondoa mikono, na seti ya kufungua tumbo iwe tayari mezani. Kitanda kisiinamishwe mikono ikiwa bado ndani, labda kama kimeunganishwa na mashine.

Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, si kazi ya roboti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa saratani hiyo waliotolewa kizazi kwa matundu madogo, roboti ikiwemo, waliopona walikuwa wachache kuliko kwa waliofunguliwa tumbo.

Na kizazi kilichoshuka hutolewa ukeni kwa vibanio vya kawaida, bila tundu wala chipu. Je, madaktari wangapi vijana wa mikoa yetu wanafundishwa njia hiyo?

Fundi sanifu vifaa tiba,
Mbeya