Kabla msitu wa Magarini haujafyekwa, tuonyeshwe hesabu ya mafuta yenyewe

Mhariri,

Pendekezo la kulima mbegu za mafuta ya magari hurudi kwetu Malindi kila baada ya miaka michache. Jana ilikuwa mbono kaburi (jatrofa, ambayo hapa chini tunaiita mbono tu), leo mbarika. Ripoti ya athari kwa mazingira huandikwa kama sheria ya 1999 inavyotaka, na wananchi huitwa barazani. Lakini swali moja haliulizwi: megajuli moja (kipimo cha nishati) ya mafuta hayo, tangu panga la kwanza kushika kichaka hadi moshi kutoka kwenye ekzosi, hutoa hewa ukaa kiasi gani ikilinganishwa na dizeli ya kawaida? Kazi hiyo hufanywa na tathmini ya mzunguko wa maisha. Ripoti ya athari hukagua shamba tu, mafuta haiyafuati.

Msitu wa Dakatcha, huku huku Magarini, ulitupa mfano. Mradi ulioombewa hekta 50,000 za mbono ulipigiwa hesabu hiyo mwaka 2011, katika utafiti ulioagizwa na mashirika ya ActionAid, RSPB na Nature Kenya. Jibu: hewa chafu mara 2.5 hadi 6 ya ile ya mafuta ya petroli na dizeli. Wengi walidhani ni chumvi ya wanamazingira, kumbe ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Hekta moja ya kichaka ikifyekwa na kupoteza tani 30 za kaboni, ile ya miti na ya udongo, zidisha kwa 3.67 (kaboni ikiungana na oksijeni uzito huongezeka hivyo) upate tani 110 za hewa ukaa. Kanuni za Ulaya hugawa deni hilo kwa miaka 20, kwa hiyo kila mwaka hekta inadaiwa tani 5.5. Ikizaa tani moja ya mbegu, na kinu kikatoa kilo 250 za mafuta, hizo ni megajuli 9,250 hivi. Gawanya: gramu 595 kwa megajuli. Kipimo cha Ulaya cha mafuta ya kisukuku, kwa agizo lao la 2018, ni gramu 94, na kiwanda kilichoanza kazi tangu 2021 kinatakiwa kiwe chini yake kwa asilimia 65, yaani gramu 33 hivi. Na hapo bado hatujanunua mbolea.

Mwenye mradi atajibu kwamba deni lote lisibebeshwe mafuta, kwa sababu mashudu nayo ni zao. Ni kweli, kanuni inaruhusu kugawanya kwa nishati iliyomo katika kila zao. Kilo 750 za mashudu zina kama megajuli 13,500, kwa hiyo mafuta yatabaki na asilimia 41 ya deni, gramu 242. Bado ni mara mbili na nusu ya dizeli. Lakini hapa ndipo msomaji wa ripoti afungue macho: mashudu ya mbono yana sumu, mbuzi hayali. Nani atayanunua, na kwa matumizi gani? Yakirundikwa nyuma ya kinu yakaoza, mgao huo ni wa karatasini tu.

Mavuno ndiyo mlango wa pili wa kupotea. Ukiandika tani nne kwa hekta badala ya moja, gramu za deni hilo zinagawanyika kwa nne na mradi unang'ara. Tani nne hizo mara nyingi hutoka kwenye vitalu vya kumwagilia, si kwenye mchanga wa Magarini wenye mvua ya kubahatisha. Mwaka 2009 utafiti wa shirika la Kijerumani la GTZ na washirika wake ulizunguka kwa wakulima wa Kenya, ukakuta mbono inazaa kidogo mno, ukashauri ipandwe kama ua wa shamba tu.

Ukitaka kuinua mavuno kwa yurea, nayo ina bei yake. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kiwango cha kawaida, asilimia moja yake hutoka udongoni kama gesi ya nitrasi oksidi (zidisha naitrojeni hiyo kwa 1.57 upate uzito wa gesi), ambayo kila kilo hupasha joto kama kilo 273 za hewa ukaa. Mifuko miwili kwa hekta inaongeza gramu 21 kwa megajuli katika mfano wetu, bila kuhesabu gesi iliyochomwa kiwandani kuitengeneza. Lori la kwenda Mombasa, ambalo watu hupenda kulibishania, linaongeza kidogo tu.

Kuna jambo ambalo jedwali haliingizi kirahisi: aliyekuwa akilima mihogo au mananasi hapo atahamia wapi? Atafyeka kwingine, na deni lile halitaonekana katika vitabu vya mradi.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia katika hoteli za Malindi na Watamu yana hesabu nyingine kabisa. Ni taka, hivyo deni lake huanza kuhesabiwa yanapokusanywa, na hakuna kichaka kilichofyekwa kwa ajili yake. Tatizo lake ni la fundi: yakiwa na maji, au asidi nyingi kwa kukaangiwa mara kwa mara, kostiki soda, ambayo hutiwa pamoja na methanoli kutengenezea dizeli, huyageuza sabuni. Yachujwe, yachemshwe maji yatoke, asidi ipimwe kabla methanoli haijatiwa. Kiasi chake ni kidogo, hatudanganyani, lakini hesabu yake inasimama.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kilifi iandike humo kwamba hakuna ardhi itakayotolewa kwa mbegu za mafuta bila jedwali la gramu kwa megajuli: miti ipimwe unene kwenye kimo cha mita 1.3, udongo uchimbuliwe hadi sentimita 30, mavuno yapimwe kwenye mizani misimu mitatu hapa hapa kwetu, na mnunuzi wa mashudu atie sahihi. Mradi unaolenga soko la Ulaya uonyeshe pia picha za setilaiti za Januari 2008, maana ardhi iliyokuwa msitu wakati huo ikafyekwa baadaye haikubaliki kwao. Jedwali hilo litolewe kwa umma na fomula zake zote zikionekana, si muhtasari wa kurasa mbili uliogongwa muhuri.

Wahandisi wa nishati,
Malindi