Manjano ya Bibi Harusi wa Roma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeuona, kwamba unataka kuolewa na gauni la manjano. Shangazi yako alishanipigia kabla: eti bibi harusi na manjano wapi na wapi, shela ni jeupe tangu enzi za mababu. Mababu wa nani? Nyeupe ilishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na satini nyeupe Februari 1840. Kabla yake wapo walioivaa, ila haikuwa lazima.

Ungeolewa Roma ya kale, hakuna ambaye angekushangaa. Bibi harusi wa huko alijitanda ushungi mkubwa wa rangi ya ndimi za moto, na miguuni viatu vya manjano. Plinio, mwandishi wa karne ya 1, anasema zamani rangi hiyo ilitukuzwa, wakaachiwa wanawake kwa ushungi wa arusi. Mke wa kuhani wa Jupita, mungu wao mkuu, naye alijitanda ushungi kama huo, na yeye kwa desturi hakuachika, basi maharusi wakauona fali njema.

Mimi fundi kilichonishika zaidi ni kanzu. Desturi ilitaka msichana aifume mwenyewe, kwenye kitanda cha mfumi kilichosimama wima, cha kizamani hata kwao. Haikukatwa kufuata mwili kama ninavyokata mimi. Umbo lote lilitokana na mshipi wa sufu kiunoni. Mshipi ulifungwa fundo la Hercules, shujaa waliyesema aliacha watoto 70, na wa kulifungua ni bwana harusi peke yake. Hayo mengine namwachia somo yako.

Nywele ziligawanywa kwa ncha ya mkuki! Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anatoa sababu kadhaa, nami namjua mtu mwenye sababu nyingi: hana hata moja ya uhakika. Hilo hatuigi.

Kitambaa usinunue mpaka ukitazame juani na chini ya taa, maana kuna manjano zinazopauka ukumbini na kwenye picha zikatoka kama maziwa. Nitumie vipimo vya kifua, kiuno na nyonga, na urefu toka begani ukiwa umevaa viatu vya siku yenyewe. Shangazi niachie mimi, na usimjibu kwenye kundi la familia.

Mama yako