Kwa Mkamburi, kuhusu plot ya Mghanga

Voi, 9 Machi 2025

Kwako Mkamburi,

Hujambo mwenzangu? Sisi hapa tu wazima, ila swali lako limeninyima usingizi: ukifumba macho, nani atamnunulia mwanao Mghanga dawa na viatu?

Umesema utamrithisha plot ya Mwatate kwenye wasia. Tafadhali, usimwandikie moja kwa moja. Mtoto wetu hawezi kuweka sahihi wala kuhesabu pesa. Ardhi ikiwa kwa jina lake, itabidi mtu aende kortini aombe kuisimamia, na huenda akawa mtu ambaye wewe usingemchagua.

Kinachokufaa ni amana. Mali unaikabidhi kwa wadhamini. Wao ndio wanaoishika, lakini hati imewafunga: manufaa yote ni ya Mghanga. Unaweza kuianzisha ungali hai, au kupitia wasia. Na tangu sheria irekebishwe 2021, amana ya kifamilia inatambuliwa waziwazi, ikisajiliwa inamiliki ardhi kwa jina lake yenyewe.

Unakumbuka mchango tulioufanya kaka alipofariki? Pesa za watoto ziliwekwa kwa jamaa mmoja tuliyemwamini. Muhula wa pili karo ikakosekana, nasi hatukuwa na karatasi hata moja ya kumdai hesabu. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Ndiyo maana nakusihi: mdhamini asiwe mmoja. Hati iseme hesabu zitaonyeshwa nani kila mwaka, na mdhamini akifa au akikosa uaminifu ataondolewa vipi. Usimchague mtu kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo. Mchague anayejua Mghanga hutulizwa na nini akilia.

Sasa wakili. Nilipoanza kushughulikia amana ya wanangu, wa kwanza alinipa hati siku ile ile. Usiku nikaifungua, ukurasa wa nne nikakuta shamba la ekari 12 la watu nisiowajua! Wa pili, mama wa makamo, aliweka kalamu chini akaniuliza, "Wadhamini wako wakigombana, nani ataamua?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nirudi nikishalipata. Huyo ndiye niliyemlipa.

Kabla hujatoa shilingi, ingia tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, utafute jina lake uone kama ana leseni ya mwaka huu. Muulize ameshaandika amana ngapi. Akuandikie gharama zote: za hati, za usajili, na za kuhamisha plot. Hapo pa kuhamisha usipapuuze kabisa. Ukianzisha amana leo na hatimiliki ibaki kwa jina lako, wadhamini hawana cha kusimamia.

Jumamosi nitapanda matatu ya asubuhi nije. Nitolee hatimiliki, kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha Mghanga, tukavipige kopi. Na umwambie shangazi yake asiende sokoni siku hiyo, nataka tumuulize yeye kwanza kama atakubali kuwa mdhamini.

Wako,
Wakio