Kifaa cha kusoma ubongo kianzie kwenye nywele

Mhariri,

Wanaobuni vifaa huria (vyenye michoro ya utengenezaji iliyo wazi kwa wote) vya kuunganisha ubongo na kompyuta bila upasuaji wanashindana kuongeza chaneli, yaani njia za kupokea mawimbi ya ubongo, na kunoa programu. Kwa mtu atakayekivaa kifaa kutwa, siku baada ya siku, kikwazo kiko pale elektrodi, kipande kidogo kinachonasa umeme wa ubongo, inapogusa ngozi.

Saketi zipo tayari. Bodi ya Cyton ya OpenBCI, watengenezaji wa vifaa huria vya aina hii, hutumia chipu ya ADS1299: chaneli 8, biti 24, sampuli 250 kwa sekunde. Lakini mawimbi ya ubongo yakifika juu ya ngozi ya kichwa huwa mikrovolti 10 hadi 100 tu. Elektrodi ya jeli iliyokaa vizuri huwa na ukinzani (kizuizi cha umeme pale inapogusa ngozi) chini ya kiloomu 10. Elektrodi kavu, isiyo na jeli, yenye meno kama kitana, inaweza kufika mamia ya kiloomu. Jeli hukauka baada ya saa chache, tena haikauki sawasawa. Ukinzani wa elektrodi moja ukipanda kuliko nyingine, mvumo wa umeme wa nyumbani, herzi 50, hauingii sawa kwenye elektrodi zote, hivyo haufutiki tena na mchoro wa mawimbi unachafuka. Wengi hapo huongeza kichujio cha kuondoa mvumo huo. Kichujio hakirudishi mguso uliopotea.

Kofia nyingi za elektrodi zimebuniwa kwa nywele laini. Nywele za kipilipili huisukuma elektrodi juu. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha njia: nywele zisukwe ili ngozi ibaki wazi kwenye vituo vya kupimia, kisha elektrodi zishikiliwe na misuko yenyewe. Msusi wa twende kilioni ataiweza kazi hiyo akipewa ramani ya vituo, na misuko hukaa wiki kadhaa. Hicho ndicho kinachohitajiwa na kifaa cha kila siku.

Ipo pia cEEGrid, utepe laini wa elektrodi 10 unaobandikwa kuzunguka sikio, pasipo na nywele. Unavalika kwa saa nyingi, ila elektrodi zimekaribiana, hivyo mawimbi ni madogo, na misuli ya taya iko jirani: mvaaji akitafuna, kila kitu kinafunikwa.

Kabla ya kuifundisha programu chochote, mvaaji aketi, afumbe macho sekunde 30, afumbue sekunde 30. Kwenye vituo vya kupimia vya kisogoni, vinavyoitwa O1 na O2, mawimbi ya herzi 8 hadi 12 kwa watu wengi hupanda macho yakifumbwa. Yasipopanda, kagua mguso kwanza. Jaribio lirudiwe adhuhuri na jioni. Na kifaa kikiwa kichwani kiendeshwe kwa betri tu; kisichomekwe kwenye chaja kamwe.

Tunaomba kila anayetoa michoro huria ya vifaa hivi aambatishe ukinzani wa kila elektrodi katika saa ya 1, ya 4 na ya 8 tangu kifaa kivaliwe, na aseme vipimo vilichukuliwa kwenye nywele za aina gani.

Mafundi wa vifaa tiba,
Dar es Salaam