Shule za chata haziruhusiwi kumkataa mtoto mwenye ulemavu

Mhariri,

Mzazi anayeishi Marekani akiambiwa kwamba shule ya chata "haina elimu maalumu", asikubali. Chata ni shule ya umma inayoendeshwa kwa mkataba maalumu, na IDEA, sheria ya kitaifa ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inaibana kama shule nyingine za umma.

Kinachotofautiana ni mtoaji wa huduma. Chata iliyo chini ya wilaya ya shule hutumia wataalamu wa wilaya; inayojitegemea huajiri au hukodi wake, na hapo ndipo nyingi hukwama. Shule ya watoto 150 itamlipaje mtaalamu wa matamshi wiki nzima? California huziruhusu chata kujiunga na miungano ya elimu maalumu, hata iliyo nje ya kaunti yao, zigawane utaalamu na hatari ya gharama kubwa. Hata hivyo, tiba ya matamshi kwa njia ya video kwa mtoto asiyetulia kitini, kwa maoni yetu, ni kupoteza fedha bure.

Ombi la kutathmini mahitaji ya mtoto liwe la maandishi, lenye tarehe. Mzazi akitia saini ya ridhaa, siku 60 za kukamilisha tathmini zinaanza kuhesabiwa, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Mkalimani wa kikao cha kupanga elimu ya mtoto hulipiwa na shule.

Walimu wa elimu maalumu,
California