Vuli inakuja, nani anapima bwawa la topesumu?

Mhariri,

Kwa miaka miwili nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, kwa sumu ya sayanaidi, huku kwetu Geita. Mbali na kufukuza wezi wa kaboni inayonasa dhahabu, nilitakiwa kila alfajiri niandike nafasi iliyobaki kutoka usawa wa maji ya bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki lenye sayanaidi, hadi juu ya ukuta. Siku ya kwanza nafungua daftari, nakuta ukurasa mzima ni "sm 60", kalamu ileile, mwandiko uleule, siku za jua na siku za mvua. Nilipokwenda kupima mwenyewe nikapata sm 22. Msimamizi akacheka: "Mzee wangu, andika sitini, wakaguzi hawaji na rula."

Hiyo 60 ina maana yake. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka mabwawa ya taka hatarishi yaachiwe angalau sm 60 na nafasi hiyo ikaguliwe kila siku ya kazi.

Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya bwawa inaongeza sm 5 tu, na wengi hukomea hapo wakajiona wako salama. Lakini uwanja wetu wote wa marudio ulikuwa umeinamia bwawani, tena ni mkubwa kama mara tatu ya bwawa lenyewe. Maji ya uwanja yakishuka yote, zile 5 zinakuwa 20. Kwenye 22 zangu zinabaki mbili, na ule upepo unaotangulia radi unatosha kurusha mawimbi juu yake. Ukuta wenyewe ni wa udongo. Maji yakishaanza kupita juu yanauchimba, na kinachofuata si maji tena bali tope lote.

Merriespruit, Afrika Kusini, Februari 1994, ndivyo ilivyokuwa: mvua kubwa ya jioni, bwawa lisilo na nafasi ya akiba, watu 17 wakafa. Baia Mare, Romania, Januari 2000, mvua pamoja na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa, na mita za ujazo 100,000 hivi za maji yenye sayanaidi zikaenda kuua samaki hadi Hungaria. Na sisi tuliona mgodi wa almasi wa Mwadui, Novemba 2022, ukuta ulipobomoka tope likaingia mashambani na majumbani. Bahati ni kwamba almasi haichenjuliwi kwa sayanaidi.

Naomba NEMC, wasimamizi wa mazingira, na Tume ya Madini waje kabla ya vuli, si baada. Wadai mtaro wa kukinga maji ya uwanja yasiingie bwawani, na maji yapunguzwe sasa kwa kurudishwa kwenye mtambo. Tope likitulia chini nalo linakula nafasi, kwa hiyo ramani ya bwawa ya mwaka juzi isikubaliwe.

Zaidi ya yote, kipimo kitoke kwenye daftari. Kisimamishwe bwawani, mahali ambapo hata mama anayepita nje ya uzio na ndoo yake atakisoma: bomba moja la chuma, kopo la rangi nyeupe, kopo la nyekundu, na fundi wa nusu siku.

Mlinzi mstaafu,
Geita