Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu mafunzo ya kusikiliza kwa vijana waliopandikizwa vifaa vya usikivu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mama wa kijana wa miaka 14, mkazi wa Tanga, ambaye anasikia kwa kifaa kilichopandikizwa sikioni. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu, na alipopona alikuwa hasikii hata ngurumo. Tuliambiwa tusichelewe, kwa sababu baada ya ugonjwa ule koklea, yaani ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, huweza kuota mfupa ndani yake na kuziba njia ya waya wa kifaa. Kwa kuwa tulikuwa na ndugu anayefanya kazi India, ukoo ulichangishana tukampeleka huko. Juu ya upasuaji sina lalamiko. Nakuandikia kuhusu kilichopaswa kufuata.

Watu wengi hudhani kwamba siku kifaa kinapowashwa ndiyo siku mtoto anapoanza kusikia. Mwanangu alipowashiwa chake, wiki nne baada ya upasuaji, alishika kichwa akasema sauti yangu ni kama bati linalokwaruzwa. Wala hakukosea. Sikio lenye afya lina chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zinazopokea sauti, na kifaa hujaribu kufanya kazi yao kwa vincha vya umeme 12 hadi 22 tu kwenye waya wake, kutegemea aina yake. Kinachofika kwenye ubongo ni muhtasari wa sauti, na ubongo hauna budi kufundishwa kuusoma kwa miezi mingi, pengine miaka. Mtoto aliyepandikizwa akiwa mdogo sana hujifunza mengi kwa kukaa tu katika nyumba yenye maongezi. Kijana ameshazoea kusoma midomo, anaona haya kurudiarudia maneno kama mtoto wa chekechea, na wenzake hawamsubiri.

Tuliporudi nchini tulianza kuhudhuria kliniki moja, ambayo siitaji kwa kuwa waliokuwamo walikuwa waungwana, ila wachache mno. Kila baada ya miezi mitatu tulipanda basi la alfajiri, kilomita zipatazo 350 hadi Dar es Salaam, mtaalamu akarekebisha kifaa kwa kompyuta kwa nusu saa, kisha akatuaga kwa maneno yaleyale: "Mama, endeleeni kumzungumzisha." Kumzungumzisha vipi, hatukuelezwa. Tulichokuwa nacho ni kijitabu cha mazoezi kilichokuja na kifaa, na chote kilikuwa cha Kiingereza.

Hapa naomba uvumilivu wako, Mheshimiwa, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii. Kila asubuhi kabla ya chai nasimama hatua tatu nyuma ya mwanangu, natamka sauti sita, m, u, i, a, sh na s, naye anarudia. Jaribio hilo, linalojulikana kwa jina la Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya viziwi, hutumika duniani kote, na kwa bahati njema sauti zote sita zimo katika Kiswahili. Siku asiposikia s, najua kwanza niangalie betri. Lakini kutoka hapo kwenda mbele, mazoezi ya Kiingereza hayatufai kitu. Kiswahili hubeba sarufi yake mbele ya neno, katika silabi fupi, wakati mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ninakuja, unakuja, anakuja: kwa sikio lisilofunzwa, kinachosikika vizuri ni kuja. Atafika na hatafika zimetenganishwa na pumzi moja tu ya h. Mwaka jana nilimpigia simu kumwambia kwamba mjomba wake hatafika. Kijana akaenda stendi kumpokea, akakaa pale hadi baada ya Isha, na mvua ilikuwa inanyesha.

Tangu siku hiyo nimetunga mazoezi yangu mwenyewe. Nilichukua ungo uliotoboka, nikautoa ukindu, nikabaki na duara lake, nikashonea kitambaa chepesi. Naushika mbele ya mdomo ili asione midomo na sauti ipite, kwani kiganja huifinya sauti. Nasema suka, halafu shuka. Tamu, damu. Anapika, anapiga. Akipata nane kati ya kumi tunahamia sentensi, kisha nawasha redio kwa sauti ya chini tuanze upya, maana maisha hayana chumba cha ukimya. Amepiga hatua kubwa. Hata hivyo mimi ni mshonaji, si mtaalamu wa usikivu, na sijui ni makosa mangapi nimeyafundisha kwa nia njema.

Nisieleweke vibaya na ndugu zetu viziwi. Lugha ya Alama ya Tanzania tunajifunza nyumbani na tunaitumia usiku sehemu ya nje ya kifaa inapovuliwa, na ningependa kila familia kama yetu ifanye hivyo.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017, na Serikali imekuwa ikichangia gharama za watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Ni jambo la kujivunia. Ndiyo maana naomba mafunzo ya kusikiliza yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, tangu siku ya kuwashwa kifaa, na yatajwe kwa jina lake katika kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Katika mwaka wa kwanza yawe angalau mara moja kwa wiki, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwa simu ya video pale ambapo mtaalamu hayupo. Wauguzi na walimu wa elimu maalumu waliopo wanaweza kuandaliwa kwa kazi hii.

Naomba pia Wizara ikae na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa usikivu na wazazi, yatungwe mazoezi ya Kiswahili yaliyorekodiwa kwa sauti za kike, za kiume na za watoto, yanayomfaa kijana: tangazo la stendi, maelekezo ya dukani, utani wa wenzake, ujumbe wa sauti wa bibi. Haya si ya gharama kubwa ukilinganisha na upasuaji wenyewe.

La mwisho linaihusu pia Wizara ya Elimu. Januari mwanangu anaingia kidato cha kwanza, na masomo aliyojifunza kuyasikia kwa Kiswahili yatageuka ya Kiingereza, chini ya paa la bati, mwalimu akiwa mbali mbele. Kipo kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu hukivaa shingoni, nacho hupeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa cha mwanafunzi. Nimekiulizia bei, nikarudi kwenye cherehani yangu. Naomba kujua kama shule ya Serikali inaweza kupewa kimoja, na maombi hayo yapelekwe ofisi gani. Nitashukuru nikipata jibu kabla shule hazijafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa kijana, Tanga